Kukimbia kando ya mto jijini Nairobi: msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum?

Kwa kiingilio, Arboretum ni nafuu, na ukitoka katikati ya jiji unafika kwa miguu. Ila bustani hiyo ya 1907 ina takriban hekta 30 tu. Ukitaka kilomita 10 utazunguka karibu na Mto Kirichwa Kubwa mpaka kima wakuzoee.

Karura ina hekta zaidi ya 1,000: udongo mwekundu, mianzi, kisha mteremko hadi kwenye maporomoko, hewa inapoa ghafla na manyunyu yanakugusa usoni. Naipenda mno. Lakini mvua ikinyesha, tope hung'ang'ania soli, kiatu kinakuwa kizito kama tofali.

Una nusu saa kabla ya kazi? Arboretum. Unajiandaa kwa marathoni? Karura, Jumamosi alfajiri.