Uzoefu wangu: kuuza kozi za ushonaji kwenye websaiti ya kujijengea mwenyewe

Mimi nafundisha kukata na kushona nguo za kike, na kozi zangu za video nauzia kwenye websaiti niliyoijenga mwenyewe kwenye moja ya hizi huduma za kuburuta na kupanga, zile unalipia kwa dola kwa mwaka unapewa kila kitu humohumo, jina la websaiti, duka, pa kuhifadhi video na eneo la wanafunzi kuingia na nywila zao. Jina la huduma siliweki maana yapo nitakayoyalalamikia, na hizi huduma kwa kiasi kikubwa zinafanana, ukishajua cha kukagua utakagua yoyote.

Zamani nilikuwa nauza kama wengi wetu tunavyouza, mtu anatuma hela M-Pesa, anatuma na skrinshoti, namuunga kwenye grupu la WhatsApp, natupia klipu. Na inauza kabisa. Shida ni kwamba klipu ikishaingia kwenye simu ya mtu haiko tena mikononi mwako, unakuja kuikuta inauzwa buku tano kwenye grupu la mtu usiyemjua na sauti ni yako wewe. Halafu mwanafunzi mpya akiingia anakuta mlima wa meseji, somo la vipimo liko wapi, la dati (ile mikunjo ya kushonwa ya kubana nguo mwilini) liko wapi, hajui aanzie wapi. Mwingine simu imeibiwa, basi anaomba utume upya video moja moja mpaka mwisho.

Kwenye hilo websaiti imenisaidia sana na ndo sababu kubwa bado niko nayo. Ushonaji ni mpangilio jamani. Mtu hajajua kuchukua mabega, kifua, kiuno na nyonga sawasawa, leo umpe somo la gauni la prinses, ataharibu kitambaa na atasema kozi ni mbovu. Huku naweza kufunga somo la pili mpaka la kwanza liishe, naweka na maswali machache katikati, asipoyapita haendelei. Na kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni kuona watu wanaishia wapi. Wengi walikuwa wanakwama kwenye kupachika mkono, yani unaona kabisa wamefika hapo wametulia, somo linalofuata halijaguswa. Nikalirekodi upya, kamera juu ya meza, nikaonyesha polepole jinsi ya kubana pini na kugawanya ule ulegevu wa juu ya mkono ili usikunjane, na watu wakaanza kupita. Kwenye WhatsApp ningejuaje? Mtu akikwama anakaa kimya tu, anaona aibu kuuliza.

Pia unaweza kuambatanisha faili za patani, yani michoro ya kukatia nguo, mtu akaprinti mwenyewe. Hapa nitoe angalizo kwa wanaouza patani, kwenye steshenari zetu kijana anabofya tu printi na kompyuta inabana ukurasa uenee kwenye A4, patani inasinyaa, gauni linatoka dogo na lawama zinakuja kwako. Mimi kwenye kila ukurasa wa kwanza nachora kiboksi cha sentimita 5 kwa 5 na maelezo makubwa kwamba pima na rula kwanza, kikiwa pungufu mwambie aprinti kwa asilimia 100. Malalamiko ya nguo kubana yamepungua mno.

Kingine ni bando. Wanafunzi wangu karibu wote wanasoma kwa simu na bando wananunua wenyewe, kwa hiyo ukubwa wa video sio jambo la kupuuzia. Piga hesabu hii, video ya dakika 10 ikiwa inapita kwa megabiti 5 kila sekunde inakula kama MB 375, ukiishusha mpaka megabiti 1 inakuwa kama MB 75 na mkasi na chaki bado vinaonekana vizuri tu. Huduma ninayotumia inajitahidi kushusha ubora yenyewe kulingana na intaneti ya mtu ila kwa simu za bei ya chini mara nyingi inaanza na ule ubora wa juu kwanza, sijapenda, kwa hiyo napandisha video ambazo nimeshazipunguza mwenyewe. Na hakuna namna ya mwanafunzi kushusha somo akaangalia baadaye bila bando, hilo wateja wangu wanalilia kila wiki na wana haki.

Sasa tuje kwenye hela maana ndo pameniumiza kichwa kuliko kote. Duka linapendeza, picha kali, kikapu kipo, kuponi za punguzo zipo, lakini mteja akifika pa kulipia anakutana na kadi ya benki na PayPal. Mteja wangu ni mama wa Mbagala ana cherehani ya mkono na M-Pesa, kadi ya kununulia mtandaoni hana na wala haitaki. Na hata upande wangu, Stripe ambayo ndo iko nyuma ya malipo ya kadi kwenye huduma nyingi za aina hii haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Tanzania. Wenzetu Kenya wana ahueni kidogo, tangu 2018 wanaweza kuhamisha hela ya PayPal kwenda M-Pesa yao.

Njia iliyopo ni kampuni za malipo zinazofanya kazi humu ndani, zipo Selcom, Pesapal, AzamPay, ClickPesa na nyingine. Jiandae na makaratasi, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, usajili wa jina la biashara au kampuni BRELA, kitambulisho cha taifa cha NIDA na akaunti ya benki, kama ulikuwa unauza kienyeji hapo ndo utarasimisha utake usitake. Ukishaunganishwa mteja anaandika namba yake, meseji inaruka kwenye simu, anaweka namba ya siri, kwisha. M-Pesa, Mixx by Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa, Airtel Money, HaloPesa, zote zinaingia sehemu moja, na dada zetu walioko Muscat na Dubai wanalipa kwa kadi kupitia hapohapo.

Ila shida ikaja kwenye kuunganisha na duka lenyewe. Kwenye kifurushi cha websaiti nilichoanza nacho wanaruhusu tu njia za malipo zilizo kwenye orodha yao, kampuni ya malipo niliyojiunga nayo haikuwemo, kwa hiyo ilibidi niweke linki ya malipo pembeni halafu kila oda inabaki inasubiri mpaka niingie mimi niithibitishe kwa mkono. Hebu fikiria mama kalaza watoto, saa tano usiku ndo muda wake pekee wa kujifunza, kalipa elfu arobaini na tano yake, anaambiwa subiri mwenye duka aamke. Mimi hilo lilinikera kuliko makato yote maana mtu akishalipa anataka somo lake saa hiyohiyo. Sapoti wao wanajibu kwa Kiingereza, kwa upole sana, na jibu lilikuwa ni moja tu, panda kifurushi. Nimepanda, nikamlipa kijana wa mifumo akaunganisha, sasa hivi hela ikiingia kozi inafunguka yenyewe. Lakini kwenye ukurasa wao wa bei hakuna sehemu iliyosema hivyo mapema na kwa mtu anayeanza na mtaji mdogo hiyo tofauti ya bei ni cherehani.

Mengine ni madogo. Kiswahili hakimo kwenye lugha zao, vitufe vyote nimeviandika upya kimoja kimoja, imeli za risiti nazo hivyohivyo. Kuhariri muonekano wa simu kunataka laptopu na uvumilivu. Na maendeleo ya wanafunzi huwezi kuyahamisha ukiamua kuondoka, kwa hiyo video zangu zote na orodha ya wanafunzi nina nakala nyumbani kwenye hadi diski. Anayejua mambo ya kompyuta anaweza kwenda WordPress, programu ya kujengea websaiti, na WooCommerce, duka la kuunganisha humo, ambayo yenyewe ni ya bure, ana uhuru zaidi, ila kusasisha, ulinzi na kuhifadhi ni juu yake, mimi muda huo niko mezani nakata.

Na tusidanganyane kwamba duka linaleta wateja. Wateja wangu bado wanatoka Instagram na status za WhatsApp, wanauliza maswali yao kule, wakiridhika ndo nawapa linki. Duka linapokea, linafundisha na linatunza, hiyo kazi linaifanya vizuri sana.

Kama unataka kuanza, tumia kipindi cha majaribio kuweka bidhaa ya shilingi 1,000, mpe mtu mwenye simu ya kawaida na M-Pesa ainunue usiku wewe ukiwa umezima simu, asubuhi muulize kama somo lilifunguka. Usilipie mwaka kabla ya hapo. Mimi nimelipia tena mwaka mzima, na kozi ya nguo za watoto naipandisha humohumo.