Duka la Dawa la Mwanga, Kigoma: Nilinyimwa Vidonge, Nikashukuru

Nilipoomba vidonge vinne tu vya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kwa ajili ya kuhara, mfamasia wa duka hili lililo karibu na soko alikataa kuniuzia bila cheti cha daktari, akanieleza kwa upole kwamba bakteria wengi hubeba plasmidi, yaani viduara vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, ambavyo hupitishiana wanapogusana, hata wakiwa wa spishi tofauti, na kwamba plasmidi moja yaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja. Shigella, bakteria anayesababisha kuhara damu, hutegemea plasmidi kubwa hata kupenya seli za utumbo! Aliniuzia pakiti za ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), akanielekeza maabara. Foleni ya jioni huchosha, lakini maelezo kama haya sijawahi kuyapata dukani.