Uzoefu wangu na CouchDB: urudufishaji wa data katika maduka ambayo mtandao wake si wa uhakika

Ninasimamia mfumo wa mauzo na stoo wa kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi yenye ofisi Kariakoo, ghala kuu Vingunguti, na maduka Mbagala, Tegeta na Kigamboni. Kazi yangu kubwa ni kuhakikisha kwamba kilichouzwa Mbagala kinaonekana Kariakoo bila mtu kupanda daladala na daftari mkononi. Kwa kazi hiyo tunatumia Apache CouchDB, hifadhidata inayoweka kila taarifa kama waraka unaojitegemea, kwenye seva, na PouchDB, ndugu yake inayofanya kazi ndani ya kivinjari, kwenye tableti za maduka. Tumeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kuitolea tathmini, na hapa nitajikita katika jambo moja tu lililotufanya tuichague, nalo ni namna inavyorudufisha data, yaani inavyoinakili kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Kila anayefanya biashara Dar es Salaam anaijua hali yenyewe. Umeme unakatika, ruta inazima, bando linaisha katikati ya mauzo, na masika yakianza mtandao unasuasua kutwa nzima. Wakati huo mteja amekuja na kirikuu kuchukua bati za geji 28, na hana muda wa kusubiri. Zamani simu iliyokuwa ikinifikia kutoka dukani ilikuwa ile ile: "Kaka, mtandao umekata. Nimuuzie, au nimwambie asubiri?" Mfumo unaomlazimisha muuzaji kuuliza swali hilo haufai kwa duka la namna hii.

Kabla ya kuamua niliipima pia MongoDB, ambayo ni hifadhidata ya nyaraka inayojulikana zaidi. Urudufishaji wake umejengwa juu ya kundi la seva ambalo ndani yake seva moja tu, iliyo kiongozi, ndiyo inayopokea maandishi mapya, na nyingine zinasoma kumbukumbu ya shughuli za kiongozi huyo na kuzirudia kwao. Kiongozi akipotea, zilizobaki zinapiga kura na kumchagua mwingine, mradi wapiga kura walio wengi bado wanafikiana. Ni mpango mzuri sana kwa seva zilizokaa kwenye kituo cha data chenye umeme na mtandao wa kudumu. Lakini tableti ya Kigamboni iliyokatika mtandao haiwezi kuwa kiongozi wa kundi kama hilo, kwa hiyo isingeweza kuandika chochote mpaka mtandao urudi.

CouchDB, iliyoanzishwa na Damien Katz mwaka 2005 na kuwa mradi kamili wa Apache mwaka 2008, haina kiongozi baina ya nakala zinazosawazishwa. Tableti ina nakala yake kamili na inaandika humo humo, kisha mtandao ukipatikana nakala hizo zinapeana kile ambacho kila moja imekikosa. Nimeusoma mchakato huo kwa makini na kuufuatilia kwenye kumbukumbu za seva, na ninapenda kuueleza kwa sababu unyoofu wake ndio uliojenga imani yangu.

Kila badiliko katika hifadhidata linapewa namba ya mfuatano. Programu ya kurudufisha inaanza kwa kutazama alama iliyowekwa pande zote mbili kuonyesha ilikoishia mara ya mwisho, na alama zikilingana inaomba orodha ya mabadiliko yaliyotokea baada ya hapo tu. Halafu inaiuliza nakala inayopokea ni matoleo yapi ya nyaraka hizo haina, inayavuta hayo pamoja na historia ya namba zake, inayaandika kwa namba zile zile bila kuyapa mpya, na mwishoni inasogeza alama mbele. Mtandao ukikatika katikati ya kazi hakuna kinachoharibika, kwani safari ijayo inaanzia kwenye alama ya mwisho iliyohifadhiwa, na waraka uliokwisha kufika hautumwi tena. Kwa mtu anayenunua bando, hilo ni jambo kubwa. Ifahamike tu kwamba urudufishaji mmoja unakwenda upande mmoja. Ukitaka data iende na kurudi, unaanzisha wa kwenda na wa kurudi.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni migongano, yaani waraka mmoja kubadilishwa kwa namna tofauti kwenye nakala mbili. Kila waraka una utambulisho wake, _id, na namba ya toleo, _rev, ambayo inaanza na hesabu ya mara ulizobadilishwa na kufuatiwa na mfululizo wa herufi na tarakimu unaotokana na maudhui yake. Kabla ya kuukabidhi mfumo kwa maduka tulichukua tableti mbili, tukazima mtandao kwenye zote, tukafungua waraka mmoja wa mteja wa Chanika ambao ulikuwa kwenye toleo la tatu. Kwenye tableti ya kwanza tulibadilisha namba ya simu, na kwenye ya pili tukabadilisha mahali pa kushushia mzigo. Sasa kulikuwa na matoleo mawili ya nne, moja likianza na 4-9c na jingine 4-e1. Tuliporudisha mtandao, seva na tableti zote mbili zilionyesha lile la 4-e1, na tulipoomba waraka huo pamoja na migongano yake, lile la 4-9c lilikuwapo, likiwa kamili na namba mpya ya simu.

Hiyo haikuwa bahati. Kanuni ni kwamba, miongoni mwa matoleo ambayo hayajafutwa, lenye historia ndefu zaidi ndilo linaloonyeshwa, na historia zikilingana, ule mfululizo unalinganishwa kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi na wa mwisho unashinda. Saa ya kifaa haiulizwi popote. Ninaithamini sana kanuni hii, kwa sababu saa za tableti zetu si za kuaminika hata kidogo, na mfumo ambao ungesema "la mwisho kuandikwa ndilo sahihi" ungetupotezea taarifa za wateja kimya kimya. Hata hivyo mshindi amechaguliwa ili nakala zote zikubaliane, na si kwa sababu yeye ndiye mwenye ukweli. Kuunganisha namba ya simu na mahali pa kushushia mzigo ni kazi ya mwenye data, na CouchDB haitamkumbusha. Asipotafuta migongano mwenyewe, itakaa humo miaka.

Ndiyo maana tulipanga nyaraka zetu ili migongano iwe michache tangu mwanzo. Hatuna waraka unaosema "nondo za milimita 12, zimebaki 340" ambao kila duka linauhariri. Kila mauzo ni waraka mpya wenye utambulisho wake, unaobeba bidhaa zote za risiti hiyo, duka, muuzaji na bei, na ukishaandikwa hauguswi tena. Bidhaa zikirudishwa, kunaandikwa waraka mwingine wa marejesho. Salio la stoo linapatikana kwa kujumlisha nyaraka hizo. Risiti nzima inakaa kwenye waraka mmoja kwa sababu nyaraka mbili zinaweza kufika seva kwa nyakati tofauti, na hakuna muamala unaozifunga pamoja ili zifike zote au isifike hata moja. Orodha ya bei nayo inahaririwa Kariakoo pekee na kurudufishwa kwenda madukani, kwa hiyo kwayo hatujapata mgongano.

Kuna mambo ambayo anayefikiria kuitumia anapaswa kuyajua mapema. Matoleo ya zamani ya waraka si historia ya kutegemea, kwa sababu hifadhidata ikibanwa ili kuokoa nafasi, maudhui yake yanaondolewa. Waraka uliofutwa unaacha alama ndogo ya kufutwa ambayo nayo inarudufishwa, la sivyo nakala ya mbali ingeufufua. Ruhusa ya kusoma hutolewa kwa hifadhidata nzima na si kwa waraka mmoja mmoja. Kwa hiyo kila duka letu lina hifadhidata yake kwenye seva, la sivyo muuzaji wa Tegeta angeweza kuvuta madeni ya wateja wa Mbagala. Aidha, PouchDB inahifadhi data ndani ya kivinjari, na mtu akifuta data za kivinjari kabla ya kusawazisha, mauzo hayo yamekwenda. Kwenye kona ya skrini tumeweka idadi ya mauzo ambayo hayajafika seva, na duka halifungwi jioni kabla idadi hiyo haijawa sifuri, au meneja hajaelezwa sababu.

Liko jambo moja ambalo urudufishaji wa aina hii hauwezi kulifanya, na nimelieleza kwa kila meneja wetu. Maduka mawili yasiyo na mtandao yanaweza kuuza mifuko ile ile 50 ya saruji iliyoko Vingunguti, na kila moja likaona kwamba mzigo upo. Nyaraka zote mbili zitafika salama na hakuna mgongano utakaoonekana, kwa sababu ni nyaraka tofauti, lakini mteja mmoja atakosa saruji yake. Kwa hiyo kila duka linauza kwa uhuru mzigo ulioko dukani kwake, mtandao uwepo usiwepo. Mzigo wa ghala kuu hauandikiwi risiti mpaka tableti iwe imeunganishwa na seva, au mtunza stoo wa Vingunguti awe amepigiwa simu na kuutenga.