Pentax K1000 na Nikon D5600 hapa Mtwara: uzoefu wangu wa miaka minne

Vijana wanaonikuta Mikindani na kamera mbili shingoni huniuliza swali lilelile: kuna haja gani ya kuhangaika na mkanda wa filamu wakati dijitali ipo? Wapo pia wanaouliza kwa uchungu, hasa waliokulia studio, kama dijitali itawamaliza kabisa wapenzi wa mkanda. Nimetumia Pentax K1000, kamera ya mkanda, na Nikon D5600, kamera ya dijitali, kwa miaka minne, zote hapahapa kusini, kwenye joto na upepo wa chumvi, na nitaeleza nilichokiona mwenyewe.

Pentax niliirithi kwa mjomba. Kwetu Wamakonde mali ya mjomba humfuata mpwa, na marehemu hakuwa na mikorosho ya kuniachia. Alikuwa na studio ya picha Lindi mjini, na studio ile ilipofungwa kilichobaki ni kabati moja, bahasha za negativu (vipande vya mkanda uliokwisha kusafishwa) na kamera hii. K1000 ilianza kuuzwa mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Ni chuma na gia tupu. Betri yake ya kidonge inaendesha kipima mwanga tu, ile sindano unayoiona upande wa kulia ukichungulia kwenye kidirisha cha kamera. Betri ikifa, kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Haina hata swichi ya kuzimia, kwa hiyo usipofunika lenzi betri inaisha mfukoni. Mjomba alinifokea kwa hilo nikiwa mtoto na hadi leo mkono wangu unatafuta kifuniko wenyewe.

Nikon niliinunua ikiwa imetumika. Megapikseli 24, kioo cha nyuma kinageuka, inashikika vizuri. Kwa harusi, kwa paspoti, kwa mahafali ya watoto, sina cha kulalamika. Imenilipia karo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo kwa pwani yetu ni jua la saa sita. Idi moja nilisimama Mikindani watu wakitoka msikitini. Kanzu nyeupe, ngozi nyeusi, jua la utosi, na mchanga mweupe unaurudisha mwanga juu. Nilimpiga picha mzee mmoja kwa Nikon nikapima mwanga usoni. Uso ulitoka safi, lakini kanzu iliungua. Naposema iliungua simaanishi ilikuwa nyeupe sana, palikuwa patupu. Ile tarizi ya shingoni, kifungo, mikunjo ya kifuani, vyote havikuwepo. Nikapima kwenye kanzu, tarizi ikarudi, mzee akawa kivuli chenye meno. Dakika ileile nilimpiga kwa K1000 yenye mkanda wa picha nyeusi na nyeupe, Ilford HP5. Niliposafisha, uso ulikuwepo na tarizi ilikuwepo, hadi uzi mmoja uliokuwa umechomoka.

Sababu si uchawi. Kihisio cha dijitali, yaani kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni kama ndoo: ikijaa, imejaa, na kinachozidi kinamwagika hakirudi tena. Negativu inapokea mwanga mwingi kwa upole, inaendelea kujaa polepole hata ukizidisha, na huwa na nafasi ya kukusamehe. Udhaifu wake uko upande wa pili: ukiunyima mkanda mwanga, kwenye vivuli hutapata kitu, wakati dijitali vivuli vyake vinavutika sana. Nilipolielewa hilo nikabadilisha mazoea. Siku hizi kwa Nikon napiga faili ghafi (RAW), lile ambalo kamera haijalichakata, napunguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu, makusudi, kisha naupandisha uso kwenye kompyuta. Tarizi haipotei tena. Nakiri wazi kwamba kwa njia hii tofauti iliyonifanya niutetee mkanda kwa ukali imebaki ndogo mno.

Na tusiusifu mkanda kana kwamba ulitupenda. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak, kampuni ya mikanda na kamera, zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley kwa jina la mmoja wa wanawake hao. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi sahihi. Ng'ambo ya Ruvuma, mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alipokaribishwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, anatajwa kukataa mikanda ya Kodak kwa kuwa haikuwatendea haki watu weusi. Nikifungua bahasha za mjomba naona picha za maharusi za rangi ambazo nyuso zao zimekuwa kahawia moja isiyo na shavu wala pua, na sidhani kwamba mjomba alikosea. Picha zake nyeusi na nyeupe za watu walewale zinapumua.

Gharama na usumbufu wa mkanda hapa ni mkubwa kuliko wanavyosimulia watu wa miji mikubwa. Mtwara mjini sijapata duka linalouza HP5. Naagiza, na mkanda mmoja wa picha 36 ukijumlisha usafiri unazidi bei ya memori kadi ya GB 64. Mwanzoni nilikuwa natuma mikanda Dar kwa basi ikasafishwe. Studio moja huko ilinirudishia negativu zenye mikwaruzo mirefu kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho, na nilipopiga simu nikaambiwa ni kamera yangu. Halafu Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara ya kusini ikakatika, na kifurushi changu kikakaa njiani kwenye joto na unyevu. Mikanda ilisalimika, ila picha zake zilitoka na chembechembe nyingi kuliko kawaida. Tangu siku hiyo nasafisha mwenyewe chumbani kwangu, Magomeni ya hapa Mtwara.

Hapo ndipo joto la Mtwara linapokutafuta. Dawa ya kusafishia mkanda ya ID-11 ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, HP5 inataka dakika 13 kwenye nyuzi 20. Maji ya bombani kwangu mchana yanacheza kwenye 28. Kwa hiyo nanunua barafu za mifuko, zile wanazonyonya watoto wa shule, nazipanga kwenye beseni kuzunguka tangi la kusafishia, na kipimajoto nakichomeka kama mganga. Mara moja barafu iliisha katikati nikapuuza. Maji yalifika 26 na mimi nikaendelea kuhesabu dakika zilezile. Negativu zilitoka nzito kama masizi. Mikanda ya rangi, ajabu yake, ni rahisi zaidi upande wa joto, maana dawa yake inataka nyuzi 38 kwa dakika tatu na sekunde 15, na kupasha maji kwetu si kazi. Ila rangi haitaki makosa ya hata nusu nyuzi, na dawa zenyewe kuzipata ni shida.

Ukungu hauchagui. Lenzi ya mjomba ya milimita 50 iliota nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na ya Nikon nayo ikaota nilipoiacha kwenye begi masika nzima. Zote sasa ziko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Msinunue begi la bei mbaya. Nunueni ndoo.

Watu husema mkanda unafundisha upigaji picha. Kwangu haikuwa hivyo. Unapiga leo, unaona baada ya wiki tatu, umeshasahau ulifungua tundu la lenzi kiasi gani. Mwanga niliufahamu kwa Nikon, jioni moja ufukweni Msimbati, nikipiga na kutazama, nikipiga na kutazama, hadi giza. Anayeanza leo namwambia aanze na dijitali bila kuona haya.

Lakini kuna bibi mmoja wa Mikindani nitamsimulia. Alikuwa anatwanga, nikamwamkia, nikaomba nimpige, akakubali. Nilipomaliza akaninyooshea mkono.

"Haya, nione."

Nikaigeuza K1000. Mgongo wa chuma mtupu.

"Mbona haina kioo?"

"Picha imo ndani bibi, haijasafishwa."

Akanitazama sana. "Basi usije ukanisahau, mjukuu wangu."

Nilimpelekea picha ya karatasi wiki saba baadaye, akaichomeka kwenye pembe ya kioo cha kabati lake. Njiani narudi nilijiuliza ni watu wangapi nimewapiga kwa Nikon, wakaiona picha kwenye kioo, wakacheka, tukaagana, na mpaka leo hawana picha. Kwenye diski yangu kuna maelfu ya mafaili na nilizochapisha hazifiki ishirini. Dijitali hainizuii kuchapisha. Mimi ndiye nisiyechapisha. Mkanda ukishaupiga una deni, na deni hilo ndilo linanifikisha mlangoni kwa watu.

Kwa hiyo kwa kazi, mashindano yameshakwisha zamani, dijitali imeshinda. Mwaka 1975, kabla hata K1000 haijatoka, mhandisi Steven Sasson wa Kodak alishatengeneza kamera ya dijitali ya megapikseli 0.01 iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kodak wenyewe waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2012. Ila wapenzi hawajaisha, na mwaka 2024 Pentax walitoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila picha mara mbili ili mkanda wa 36 utoe 72. Kwa bei za mikanda zinazofika huku, hiyo naitamani.

Ukipata K1000 ya kununua, imulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma utafute ukungu. Fungua mgongo, weka kasi ya sekunde moja, piga, usikilize kama shata, pazia la ndani linalopitisha mwanga, inafunga bila kusita. Gusa sponji nyeusi za mlango wa mgongo. Zikikupaka vidole kama lami, mwanga utaingia na mkanda utaungua, lakini sponji hubadilishwa kwa pesa ndogo. Sindano ikiwa imekufa usiogope, jaribu betri mpya kwanza. Mkono wa kuvutia mkanda ukikwama, hiyo iache.