Kujipima VVU nyumbani au kwenda kituoni?

Hili swali haliishi, hasa mtu akishalala na mpenzi mpya bila kondomu halafu usingizi unakata. Hapa Tanzania sheria imeruhusu kujipima tangu 2019 kwa wenye miaka 18 kwenda juu, kwa hiyo njia zote mbili ni halali.

Kwenye usiri, nyumbani kunashinda. Kile kipimo cha mate unapitisha kijiti ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chake, unasubiri dakika 20 na mlango umeufunga mwenyewe. Ila usile wala kunywa chochote dakika 15 kabla, na zikipita dakika 40 usisome tena, wengi wanaharibu hapo.

Hela, kituo cha serikali ni bure, cha duka la dawa unalipia.

Uhakika sasa, jamani tuelewane: mistari miwili nyumbani (yaani huenda una VVU) siyo jibu la mwisho, lazima ukathibitishe kituoni, na mstari mmoja (yaani VVU haijaonekana) kabla ya miezi mitatu kupita tangu tukio hautoshi, utarudia. Tena kituoni unaweza kuomba na kipimo cha kaswende.

Kama tukio ni la juzi tu, hata masaa 72 hayajaisha, achana na kijiti, kimbia kituoni leo hii uulizie PEP, zile dawa za kuzuia VVU isikushike baada ya tukio. Ila kama masaa hayo yameshapita na kinachokuzuia ni kuogopa kukutana na jirani pale kwenye benchi, basi anzia nyumbani.