Kingamwili za AQP4 na za MOG katika uvimbe wa neva ya jicho
Kingamwili (protini za kinga ya mwili, ambazo hapa huushambulia mwili wenyewe) za AQP4, yaani zinazolenga protini ya kupitisha maji iitwayo AQP4, zilitambuliwa mwaka 2004; hushambulia seli zinazohimili neva ya jicho, na kwa kuwa seli hizo zikifa nyuzi za neva nazo huharibika, mgonjwa anayechelewa kutibiwa huweza kubaki na upungufu mkubwa wa kuona. Zile za MOG, protini iliyo kwenye mayelini (utando unaofunika nyuzi za neva), hulenga tabaka la nje la utando huo; uvimbe huwa mkali, mara nyingi katika macho yote mawili, lakini kwa kawaida steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) huleta nafuu ya haraka. Kwa maoni yangu, tiba isisubiri kamwe majibu ya maabara. Majibu huamua yanayofuata: mwenye AQP4 huhitaji dawa za muda mrefu za kuzuia marudio, ilhali si kila mwenye MOG huzihitaji.