Ua au mti wa matunda? Miche ya kununua kwa uwanja mdogo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho

Kwa nyumba ya Pwani yenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mche wa kwanza kununua ni mndimu wa kubebesha, yaani kikonyo (kijitawi) cha mndimu kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Wa pili ni asumini. Mwembe, ambao watu wengi huukimbilia, nauweka karibu na mkiani, na waridi mwisho kabisa. Najua mashabiki wa waridi watanuna.

Toa kwenye kiwanja nyumba yenyewe, karo la maji taka, mnara wa tangi la maji, sehemu ya gari na kamba ya kuanikia nguo. Kinachobaki ni ukanda wa mita tatu au nne upande mmoja na kona moja au mbili. Mizizi na kivuli vitagombania hapo hapo, na maji ya kumwagilia yatatoka kwenye bomba lile lile la kupikia na kufulia. Kwa hiyo bei anayokutajia muuza miche ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Uliza kwanza mti utachukua nafasi gani ukikua, na nani atashika ndoo mwezi wa Januari jua likiwaka.

1. Mndimu wa kubebesha

Ndimu inaingia kwenye samaki, kachumbari, urojo, supu na chai ya mwenye mafua. Mti haukui mkubwa, mita nne au tano kutoka mti mwingine zinatosha, na ukitunzwa vizuri utazaa mara kadhaa kwa mwaka. Maua yake meupe yananukia hadi barazani, kwa hiyo hata aliyekuja kutafuta ua hajatoka mikono mitupu.

Vitaluni utaonyeshwa ndimu za aina mbili. Kuna ile kubwa isiyo na mbegu, inayoitwa Tahiti, yenye miiba michache na maji mengi. Na kuna ndimu yetu ndogo ya mviringo, yenye mbegu, miiba ya kuchana shati na harufu kali. Kwa juisi chukua Tahiti. Kwa achari na samaki, mimi sibadilishi ndogo.

Mche wa kubebesha bei yake ni kubwa kuliko wa mbegu, na hapo ndipo ujanja unapoingia. Inama uangalie shina: sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo lazima uone kovu la kubebeshea, lililopona, lisilotoa utomvu wala kutikisika ukiligusa. Nailoni iliyofungiwa kama bado ipo na imeanza kulikaba shina, ikatwe kabla hujalipa. Juu ya kovu pawe na majani mapya yaliyokomaa angalau mara moja. Kama kikonyo kina majani mawili laini tu, kimebebeshwa juzi na huenda kikafia kwako. Hakuna kovu? Huo ni mche wa mbegu, ulipe bei ya mbegu.

Kisha inua kiriba, ule mfuko wa udongo unaobeba mche. Kikikatalia chini, mizizi imeshatoboa na kuzama ardhini, na muuzaji ataing'oa kwa nguvu mbele yako huku akisema haina shida. Ina shida. Chagua kingine. Usivutiwe pia na mche mdogo wenye tunda linaloning'inia. Tunda hilo linakula nguvu ambayo mizizi inaihitaji. Ukiununua, lichume siku hiyo hiyo.

Nyumbani, kila chipukizi linalotokea chini ya kovu likatwe. Hilo ni la mti wa chini, mara nyingi mlimau, na ukiliacha litaushinda mndimu wako. Adui mwingine ni kiwavi. Akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege kilichodondokea jani, kahawia na bakabaka jeupe, ndiyo maana watu humpita. Akikua anakuwa wa kijani, mnene, na ukimgusa anachomoza pembe mbili laini zenye harufu kali nyuma ya kichwa. Ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mche mdogo anaweza kuumaliza majani kwa siku chache, lakini mwokote tu kwa mkono. Dawa haihitajiki.

2. Asumini

Hili ndilo ua pekee ninaloliweka juu ya miti mingi ya matunda, na sababu si urembo tu. Kwa watu wa Mombasa, Lamu na Unguja, ua lina kazi: vikuba (vishada vidogo vya maua ya kunukia), nywele, kitanda cha maharusi. Vitumba huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vinafungua jioni. Mche ni wa bei nafuu, unakaa hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini, na ukipogolewa baada ya kila msimu wa maua unarudi na maua zaidi. Panda karibu na dirisha, penye jua la nusu siku au zaidi. Kivulini utapata majani tu.

3. Mkomamanga

Kwa asiyeweza kuamua, ua au tunda, jibu ni hili. Maua mekundu yaliyoiva rangi, tunda baadaye, mti wa kimo cha mtu na kidogo zaidi, unaovumilia ukame na hata chungu kikubwa. Kasoro yake kwetu ni unyevu unaobadilika ghafla. Ukiuacha ukauke kisha ukaumwagia maji mengi kwa ghafla, komamanga zinapasuka zikiwa mtini. Ukitegemea matunda ya kuuza, usiuweke Pwani. Kwa matunda machache na uzuri, nunua.

4. Mpapai

Rahisi, wa haraka, matunda ndani ya mwaka. Lakini usinunue mmoja. Mipapai ipo ya kike, ya kiume na yenye jinsia zote mbili, na kwenye kiriba huwezi kuitofautisha kwa macho. Nunua mitatu, subiri maua, kisha ng'oa dume, ule unaotoa mikungu mirefu ya maua inayoning'inia. Chukua miche mifupi, maana mipapai mirefu haipendi kuhamishwa. Na usipande penye maji yanayotuama. Masika moja tu na mizizi imeoza.

5. Bogenvilia

Nzuri, ngumu, na inafaa kuliko zote kwa ukuta na uzio kwa sababu ya miiba yake. Asili yake ni Amerika Kusini, na jina linatokana na Louis-Antoine de Bougainville, baharia wa Ufaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Zile rangi unazoziona ni majani; ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati, ndiyo maana rangi inadumu wiki nyingi. Nimeishusha hapa kwa sababu moja: ya nini kununua? Omba kwa jirani tawi lililokomaa, nene kama penseli, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Lipa pesa kama unataka rangi ambayo mtaa mzima hauna. Na ikishashika, usiinyweshe sana. Ikiwa na kiu kidogo ndiyo inachanua.

6. Mwembe

Dodo, boribo, ngowe, apple, yote matamu. Tatizo ni mita 8 hadi 10 kati ya mti na mti, majani kwenye mifereji ya bati, na maembe yanayogonga paa usiku. Tangu 2003 kuna pia nzi wa matunda aliyeingia kutoka Asia, kwa hiyo embe zuri kwa nje linaweza kuwa na funza ndani. Utahitaji mitego na kuokota yaliyoanguka kila siku. Kama una kona halisi, mbali na karo, nunua wa kubebesha, ukate ncha ukifika mita moja ili utanuke chini, na usiuache upite kimo cha ngazi yako.

7. Waridi

Linauzwa likiwa limechanua, limetoka nyanda za juu. Kwenye joto la Dar es Salaam maua yanakuwa madogo na majani yanaingia madoa meusi.

Mkaaji wa Arusha, Lushoto, Limuru au Mbeya apindue orodha hii: waridi lipande hadi la pili, na parachichi ya Hass au Fuerte ichukue nafasi ya mndimu.

Nenda kitaluni mvua zikikaribia, Machi au Oktoba, mashimo yakiwa tayari: sentimita 60 kila upande, udongo wa juu umechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Miche ikifika, iache kivulini siku mbili tatu, mwagilia, kisha panda jioni. Kiriba kichanwe kwa wembe, kisivutwe, na kovu la kubebeshea libaki juu ya udongo.